Kumdai fidia afisa wa gereza Marekani: anza na fomu, si mahakama

Familia zenye ndugu waliofungwa Marekani zinazidi kutuuliza: Mwislamu akinyimwa chakula halali, au Mrasta akinyolewa kwa nguvu, je, askari mwenyewe anaweza kulipishwa?

Inategemea gereza ni la nani. Kwa magereza ya shirikisho, sheria ya RFRA ya 1993, inayolinda uhuru wa dini, inaruhusu kumdai afisa fidia yeye binafsi. Mahakama ya Juu ilitamka hivyo Desemba 2020 katika kesi ya Tanzin dhidi ya Tanvir. Magereza ya majimbo yako chini ya RLUIPA ya 2000, sheria nyingine inayolinda dini ya wafungwa, na huko njia ni nyembamba. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Sossamon, 2011, jimbo lenyewe halidaiwi fidia kwa sheria hiyo. Kama maafisa wake wanadaiwa, ndilo swali lililopelekwa Mahakama ya Juu na Damon Landor, Mrasta aliyenyolewa gerezani Louisiana mwaka 2020.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo kesi nyingi hufia. Sheria ya PLRA ya 1996, inayosimamia kesi za wafungwa, inamtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Katika gereza la shirikisho anaanza na fomu ya BP-8, ya kujaribu suluhu isiyo rasmi, kisha BP-9 kwa mkuu wa gereza. Zote mbili zina siku 20 tangu tukio, si 20 kwa kila moja. Akikataliwa, BP-10 kwa mkurugenzi wa kanda ndani ya siku 20, halafu BP-11 makao makuu ndani ya siku 30. Abaki na nakala ya kila fomu. Barua kwa ubalozi, kwa imamu au kwa gazeti si malalamiko. Tumelisema hili mara nyingi.

Hati ya madai imtaje kila afisa, alichofanya na tarehe, na iseme wazi kuwa anashtakiwa katika nafsi yake binafsi. “Gereza” halilipi fidia hii. Afisa naye atajitetea kuwa haki iliyovunjwa haikuwa imethibitishwa wazi wakati ule. Fidia ya uchungu wa moyo tu, bila jeraha la mwili, PLRA kwa kawaida inaizuia.

Na ada ya kufungua kesi haisamehewi: mfungwa asiye na uwezo hukatwa dola 350 kidogokidogo, asilimia 20 ya mapato yake ya mwezi, hata kesi ikitupwa.