Maana ya mbegu chotara, na kinachotokea zikirudiwa

Mbegu chotara ya mboga hupatikana kwa kuchukua chavua ya mmea wa aina moja na kuipaka kwenye ua la mmea wa aina nyingine, baada ya kila aina kutunzwa peke yake kwa vizazi kadhaa mpaka ikawa inazaa watoto wanaofanana nayo. Mtoto wa wazazi hao wawili huitwa kizazi cha kwanza, na hiyo ndiyo maana ya alama F1 inayoonekana kwenye pakiti katika maduka ya pembejeo. Mkulima wa bustani ya kiangazi katika bonde la mto Lukuledi, kusini mwa Tanzania, huitambua kwa bei yake kubwa na kwa miche yake inayolingana kimo.

Husemwa mara nyingi kwamba mbegu zilizokamuliwa kutoka nyanya chotara hazioti. Kwa kawaida huota vizuri tu. Kinachovurugika ni urithi. Gregor Mendel, mtawa aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, aliona kwamba njegere ndefu zikichanganywa na fupi, kizazi cha kwanza huwa kirefu chote, lakini katika kizazi cha pili ufupi hurudi kwa takriban mche 1 katika kila 4. Hiyo ni sifa moja tu. Tukichukua jozi 5 za vinasaba (vibeba sifa za urithi), kila moja ikirithiwa kivyake, ni mche 1 tu kati ya 32 utakaokuwa na mpangilio uleule wa mzazi wake chotara. Katika kitalu cha miche 320 tutarajie kama 10 hivi, na hakuna anayeweza kuitambua ikingali michanga. Mingine yaweza kuzaa matunda madogo, au kukosa ukinzani wa ugonjwa ambao ndio uliomfanya mkulima anunue pakiti ile.

Nyanya walau hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Matango na matikiti huchavushwa na nyuki, kwa hiyo mbegu za tango huweza kubeba pia urithi wa tango la jirani, na za tikiti urithi wa tikiti la jirani. (Boga halimo katika hesabu hiyo, kwani halizai na tikiti, ingawa wengi huamini kwamba huzaa nalo.)

Anayetaka kujiwekea mbegu atafute aina zisizo chotara, kama nyanya za Tanya au Tengeru 97, achague matunda yaliyoiva barabara kwenye miche yenye afya, aache mbegu zichachuke na maji yake kwa siku 2 au 3, azioshe, azikaushe kivulini na kuzifunga kwenye chombo kisichopitisha hewa, maana unyevu wa pwani yetu huua mbegu upesi. Mwenye hamu ya kurudia chotara naye ajaribu, ila kwa tuta moja la pembeni, si bustani nzima anayoitegemea kulipia mafuta ya pampu.