Mchungwa haujageuka limao, mchungwa ulikufa

Juzi saa 12 asubuhi, hata chai sijanywa, napigiwa simu na mzee mmoja aliyechukua miche kwangu miaka 5 iliyopita, miche 80 ya machungwa, akapanda huko njia ya Handeni. Shikamoo yangu aliiitikia kwa sauti ya mtu aliyelala na hasira. "Mwanangu, umeniuzia malimao." Nikamwomba picha. Zikaja WhatsApp, mti umejaa majani, miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na malimao ya vinundu kama kumi hivi yananing'inia. Chini ya picha kaandika kwamba majirani wameshamweleza ukweli wa miche ya kubebesha, ile ya chungwa lililopandikizwa juu ya shina la limao: ikikaa miaka kadhaa inageuka, kwa sababu chini kuna limao na limao lina nguvu kuliko chungwa, linapanda polepole ndani ya mti mpaka linaumeza wote, na hata ule usiogeuka machungwa yake lazima yawe machachu.

Nimeyasikia haya sokoni, nimeyasikia msibani, nimeyasikia ndani ya basi la Muheza, na mwaka jana nikayasikia kwa kijana mwenye cheti cha kilimo, tena anawafundisha wakulima. Pale ndipo uvumilivu uliponiishia. Mimi nabebesha miche, ndio kazi inayonilisha, na hili jambo linawafanya watu wang'oe miti mizima yenye afya au warudi kupanda mbegu za machungwa wakasubiri miaka 7, 8 bila kuona kitu. Kwa hiyo naandika mara moja, niwe natuma tu.

Namna ya kubebesha mnaijua sirudii sana: mbegu ya limao kitaluni, mche unahamia kwenye kiriba, ukifika unene wa penseli unachana ganda kwa herufi T, unachomeka jicho la chungwa, yaani chipukizi ambalo bado halijafunguka, unafunga nailoni, baada ya wiki 3 hivi unafungua, jicho likiwa la kijani unakata au unakunja shina la juu ili jicho liamke. Basi. Kuanzia siku hiyo unaoita mti mmoja ni miti miwili. Kutoka kwenye kiungo, pale jicho liliposhonana na shina, kwenda juu ni chungwa, kila jani, kila tawi, kila ua. Kutoka kwenye kiungo kwenda chini ni limao, na litabaki limao hata mti uishi miaka 40. Wameshonana ganda na mirija ya maji, lakini chembe hai ya limao haihami kwenda juu ikageuza chembe ya chungwa. Mpaka wao ukipasua shina la mti mzee unauona kwa macho, na mara nyingi hata nje unaonekana, chini pananenepa tofauti na juu.

Sasa limao la mzee limetoka wapi? Nikamuuliza, mzee wangu, mwaka ule wa kwanza mbuzi waliingia shambani? Kimya. Halafu, "waliingia mara moja tu." Mara moja inatosha! Mbuzi anakula kilicho laini, na kilicho laini ni kile kichipukizi cha chungwa cha juu. Kisiki kinabaki na mizizi yake yote hai, kinafanya kile ambacho mti wowote ungefanya, kinachipua. Na kinachochipua chini ya kiungo ni limao kwa sababu hakuna kingine huko. Moto wa kusafisha shamba unafanya hivyo hivyo, kiangazi kikali kinafanya hivyo hivyo, panga la kibarua anayepalilia bila kuangalia ndilo baya kuliko vyote. Limao halikulishinda chungwa. Chungwa lilikufa mwaka wa kwanza, na mzee amekuwa anamwagilia limao miaka minne akidhani ni mchungwa wake.

Kuna na njia ya pili, ya polepole, na hii inaniuma zaidi kwa sababu mti haukuhitaji kufa. Mche uko mzima, chungwa liko juu, ila chini ya kiungo kunatoka maotea, yaani machipukizi ya lile shina la limao. Yanakua haraka, yamenyooka, yamenona. Mwenye shamba anafurahi anasema mche huu una nguvu kweli! Miaka miwili oteo limelizidi chungwa kimo, limelifunika jua, limelinyang'anya maji, chungwa linadhoofika linakauka. Nenda kaangalie miche yako leo, usisubiri. Oteo la limao lina miiba mingi na mirefu, chipukizi lake changa lina wekundu wa zambarau, ukisugua jani mkononi linanukia limao waziwazi, na ua lake kabla halijafunguka lina zambarau kwa nje wakati ua la chungwa ni jeupe tupu. Ukiliona likiwa bado laini lishike kwa vidole uling'oe kwa kulivuta pembeni, litoke na kitako chake. Ukilikata kwa kisu ukaacha kikonyo, wiki mbili baadaye yatakuwa matatu.

Haya, tuje kwenye uchachu, maana hapa ndipo watu wenye akili zao wanapopotea. Hoja yao ni kwamba mizizi ya limao inapandisha maji ya limao. Jamani, mizizi haina maji ya limao. Chimba mzizi wa mlimao, uukamue, uonje, hauna ule uchachu. Kinachopanda kutoka mizizini ni maji ya udongo na chumvi zake, basi. Sukari inatengenezwa majani, na majani ni ya chungwa. Asidi inatengenezwa ndani ya tunda lenyewe, kwenye vile vifuko vidogo vya maji unavyoviona ukimenya, na vifuko ni vya chungwa. Maji ya limao yana asidi kama asilimia 5 au 6, ya chungwa ni kama asilimia 1, na tofauti hiyo imeandikwa kwenye jeni za tunda, haiko kwenye bomba linaloleta maji. Wa maabara wameshaonyesha kwamba iko jeni moja kwenye jamii hii ambayo ikiharibika, ile zambarau ya chipukizi na maua inapotea na uchachu wa tunda unapotea pamoja nayo, ndio maana yako malimao yasiyo machachu na maua yake ni meupe. Jeni hiyo inakaa kwenye kila chembe ya mti, haisafiri na maji kutoka mzizini.

Kama hayo hayatoshi chukua danzi. Kwa wasiolijua, danzi ni lile chungwa chungu na kali ambalo huwezi kulila hivi hivi. Kwa miaka mingi sana danzi ndilo lililokuwa shina la kubebeshea machungwa sehemu nyingi za dunia, na machungwa yaliyoota juu ya danzi yanasifika kwa utamu na maji mazito. Kama uchachu wa shina ungekuwa unapanda juu, hayo machungwa nani angeyala? Au bebesha mwenyewe, kisiki kimoja tia jicho la chungwa, la chenza na la ndimu. Kila tawi litazaa la kwake. Mimi ninao mti wa namna hiyo nyuma ya nyumba, anayebisha namkaribisha aje achume mwenyewe.

Lakini sitawadanganya kwamba shina haliathiri tunda kabisa, linaathiri, ila kwa upande ambao majirani wa mzee hawakuutaja. Limao letu hili la vinundu lina mizizi mirefu na roho ngumu, linavuta maji mengi, mti unakua mbio na kuzaa mapema na kuzaa sana. Matokeo yake tunda linakuwa kubwa, ganda nene kidogo, na maji yake yamezimuka: sukari inashuka na uchachu NAO unashuka. Yaani kosa la shina la limao ni kulipoza chungwa, na nyie mnalilaumu kwa kulitia ukali! Mnunuzi mwenye ulimi atakwambia chungwa hili linakosa kitu, na ana haki. Hilo nalikubali, na miche inapotoka kwangu nalisema kabla sijaulizwa.

Mbona basi chungwa lako ni chachu? Kwa sababu limechumwa changa. Mfanyabiashara kaja na lori mapema bei ikiwa juu, kachuma. Chungwa halina tabia ya ndizi au embe, likishatoka mtini utamu hauongezeki tena hata ulifukie kwenye majivu. Na rangi isikudanganye, kwetu usiku hauna baridi ya kugeuza ganda, chungwa la Muheza linaiva likiwa kijani.

Watu wananiuliza kwa nini tusirudi kwenye danzi basi kama linaleta utamu. Tristeza. Ni ugonjwa wa virusi, unabebwa na vidukari weusi, na chungwa lililo juu ya danzi ukilipata linakufa, mirija pale kwenye kiungo inaziba, mizizi inakosa chakula. Miaka ya 1930 na 1940 Argentina na Brazili walipoteza mamilioni ya miti kwa sababu hiyo. Juu ya limao hili la vinundu virusi hivyo hivyo mti unaishi navyo. Kwa hiyo tunabadilishana utamu kidogo tupate mti unaosimama. Halafu kuna faida ya kitaluni, mbegu moja ya limao hili inatoa miche miwili, mitatu, na karibu yote ni nakala ya mama yake kabisa, haikupitia mchanganyiko wa chavua, kwa hiyo shamba zima mashina yanafanana. Kale kadogo kaliko tofauti na wenzake unakang'oa mapema.

Tena niwaambie kitu, hili tunalobebeshea silo limao la kitabuni. Limao lile la manjano lililochongoka, la aina za Eureka na Lisbon, ni mtoto wa danzi na lile tunda ambalo kwa Kiarabu linaitwa utruj, ganda nene kama godoro na maji kidogo sana. Danzi nalo ni mtoto wa furungu na chenza. La kwetu la vinundu ni mtoto wa chenza na utruj. Na chungwa nalo ni damu ya furungu na chenza. Umeona ukoo? Shina na chungwa wote ni wa jamii moja, ndio maana mmoja anakubali kubebwa na mwenzake bila ugomvi. Ndimu ni mtoto mwingine wa utruj, kwa mama tofauti kabisa, kwa hiyo ndimu haikui ikawa limao, nalo hilo naulizwa kila msimu.

Na wale wanaosema limao ni mti wa Wareno haufai udongo wetu: asili ya jamii hii ni huko chini ya milima ya Himalaya, kaskazini mashariki mwa India, Myanmar na kusini mwa Uchina, lakini Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta na akaandika migomba, malimao na utruj. Neno laymun aliloliandika linaweza kuwa ndimu pia, kwa Kiarabu jina linabeba yote mawili. Miaka 167 baadaye Vasco da Gama anafika Mombasa na mabaharia wanaoumwa fizi, mfalme anampelekea kondoo, machungwa, malimao na miwa. Wareno walipewa malimao na sisi.

Yanayoninyima usingizi mimi ni mengine. La kwanza, wilaya nzima tunasimama juu ya shina la aina moja, na shina hilo halipendi miguu yake kukaa kwenye maji. Kwenye udongo wa mfinyanzi bondeni linaoza shingo, ganda linapasuka linatoa utomvu, na mtu anaharakisha kifo kwa kurundika samadi mpaka kwenye shina. Kama shamba lako ni bonde nitakwambia usipande, hata kama nakosa hela. Vitabu vinasema bebesha sentimita 20 kutoka chini. Mimi siku hizi naenda 30, kwa sababu nimeona watu wakipanda wanafukia kiungo, na nakiri mche wa hivyo unatoa maotea mengi zaidi kwa kuwa shina la limao lililobaki wazi ni refu. Sina hakika kama nimechagua vizuri. La pili ni macho yenyewe. Nayachukua kwenye miti ninayoifahamu, inayozaa, majani yake safi, lakini jicho safi kwa kutazama linaweza kuwa limebeba ugonjwa, na wale wadudu wa Asia wanaoeneza ugonjwa wa kuchakaza machungwa walishaonekana Morogoro. Tunahitaji miti mama iliyopimwa, na mkulima mmoja mmoja hawezi kuipima.

Jumamosi nikapanda pikipiki nikaenda kwa mzee. Kati ya 80, miti 11 ni malimao, na yote 11 iko mstari wa mwisho kule mbuzi wanakopita kwenda mtoni. Nilimkatia mti mmoja wa mchungwa mzima oteo lake nikampa jani anuse, halafu nikampa jani la chungwa. Akanusa, akarudia, akakaa chini. Tumekubaliana: ile 11 tuikate usawa wa goti, tuache chipukizi moja lililonyooka kila kisiki, mvua za masika zikianza niende na macho ya chungwa nibebeshe upya, mizizi ipo na ina miaka mitano haitachelewa. Kwa ajili ya mbuzi, mzee atajenga uzio. Mkewe akatoka jikoni akasema ile miwili ya karibu na choo tusiiguse, malimao yake anayatengenezea achari. Kwa hiyo ni 9.