Mifupa ya Karamoja si ya majitu

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: picha ya mfupa mkubwa wa paja, na maneno kwamba zamani Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ilikaliwa na majitu. Si kweli, jamani.

Miamba ya milima ya Napak na Moroto, hukohuko Karamoja, yenye visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) imetokana na volkano za kale, takriban miaka milioni 20 iliyopita. Binadamu kama sisi tuna miaka kama 300,000 tu. Humo wamepatikana nyani wakubwa wa kale wasio na mkia, konokono wa nchi kavu, na jamaa wa kale wa tembo. Dinosaria hawamo; walikwisha toweka miaka milioni 66 iliyopita.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Mfupa wa paja la tembo una kichwa cha mviringo kama wetu, na fuvu lake lina tundu pana katikati, penye mkonga, linalofanana na jicho moja. Nani asingeshtuka?

Ukitaka uhakika, tazama meno: ya tembo ni mapana, yenye matuta ya kusagia majani. Uliza pia picha ilipigwa wapi. Asipojua aliyeituma, tafadhali usiisambaze.