Durham: Zamani Lilikuja Tingatinga, Leo Inakuja Barua

Kadi ilikuwa ya njano, ukubwa wa kiganja, imeandikwa kwa wino wa bluu kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Aliyeandika alisema yeye na mkewe wamepita mtaani, wameipenda nyumba, wako tayari kuinunua ilivyo, paa bovu na yote, kwa fedha taslimu. Nililowesha kidole kwa mate nikakipitisha juu ya herufi. Wino haukutoka. Mwandiko ule ulikuwa umechapwa na mashine. Bibi aliyenipa kadi akainuka, akaleta kopo la biskuti, akanimwagia nyingine kumi na moja juu ya meza. Mbili zilikuwa na mwandiko uleule, ila mume na mke walikuwa wengine.

Mimi ni mthamini wa majengo. Kazi hii nilijifunza Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu kuifanya Durham, mji wa wastani katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Sensa ya 2010 ilihesabu hapa watu 228,330. Ya 2020 ikakuta 283,506. Wageni wanaonitembelea hutazama juu: kreni, maghorofa ya vioo, viwanda vya tumbaku vilivyogeuzwa ofisi na migahawa. Mimi huwaomba watazame visanduku vya barua. Mtaa hapa unabadilisha wakazi kwa karatasi, tena karatasi halali kabisa, na watu wengi wanaondoka bila kujua ni ipi iliyowaondoa.

Haikuwa hivyo zamani. Kusini ya katikati ya mji kulikuwa na mtaa unaoitwa Hayti. Jina ni la nchi ya Haiti, ila wenyeji hulitamka "Heitai". Waliujenga watu Weusi waliotoka utumwani na watoto wao, wengi wakifanya kazi kwenye viwanda vya tumbaku. Mwaka 1898 watu Weusi wa Durham walianzisha kampuni ya bima, North Carolina Mutual, na mwaka 1907 ikasajiliwa benki yao, Mechanics and Farmers. Ofisi za kampuni hizo zilikuwa Parrish Street, katikati ya mji, lakini maisha yenyewe yalikuwa Hayti: makanisa, hospitali ya Lincoln, hoteli, sinema, vinyozi, mafundi cherehani. Booker T. Washington alitembelea Durham 1910, W.E.B. Du Bois 1912, na viongozi hawa wawili wa Weusi wa Marekani, waliokuwa hawapatani kwa mengi, wote waliusifu mji.

Mwaka 1962 wapiga kura waliidhinisha fedha za mpango wa kuujenga mji upya. Viongozi wengi Weusi waliuunga mkono, na siwalaumu. Nyumba nyingi za kupanga zilikuwa mbovu kweli, na ahadi ilikuwa kwamba zitabomolewa ili zijengwe bora. Kubomoa kulifanyika. Zaidi ya familia 4,000 na biashara kama 500 ziliondolewa, na barabara kuu ya magari ya kasi, ambayo leo ni namba 147, ikapasua mtaa katikati. Hata kanisa la White Rock, alimohutubia Martin Luther King Februari 1960, lilibomolewa. Kanisa la St. Joseph's, lililojengwa 1891, lilisalimika, na sasa ni kituo cha utamaduni. Ukisimama mlangoni pake unasikia malori ya barabara ile mchana kutwa.

Kama mthamini, kinachoniuma zaidi ni hesabu ya fidia. Fidia ya siku zile ilitazama kiwanja na jengo. Kinyozi aliyepanga chumba cha mbele kwa miaka ishirini alikuwa na mali kubwa kuliko viti vyake: wateja waliojua mlango wake. Wateja hao hawakuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote. Sheria ya taifa ya kuwasaidia wanaohamishwa na miradi ya serikali ilipitishwa 1970, wakati tingatinga lilikuwa limeshapita Hayti.

Sehemu ya ardhi ile zilijengwa nyumba za umma, mahali palipokuja kuitwa Fayette Place. Ziliuzwa kwa kampuni binafsi 2002, zikabomolewa 2009, kisha hakikujengwa kitu. Nilipofika Durham nilidhani ni makaburi ya aina fulani: safu baada ya safu za misingi ya zege, majani yameota kwenye nyufa, uzio pande zote, na ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda kwenye mlango usiokuwepo. Mwaka 2017 shirika la nyumba la mji lililazimika kuinunua tena ardhi liliyoiuza lenyewe.

Nimeeleza haya kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa kwa nini leo karatasi inatosha kumhamisha mtu. Familia iliyopoteza nyumba au duka 1965 haikuwa na cha kuwaachia watoto. Wajukuu wakabaki wapangaji, au wakapata kijumba cha mbao East Durham, mtaa uliokuwa wa Wazungu wa viwanda vya pamba kabla hawajahama. Kwa miaka mingi hakuna aliyevitaka vijumba hivyo. Kiwanda cha American Tobacco kilifungwa 1987, na katikati ya mji ukalala. Uwanja mpya wa besiboli ukafunguliwa 1995, majengo ya kiwanda kile yakafunguliwa upya 2004 kama ofisi, na taratibu watu wenye mishahara minono wakagundua kwamba vijumba vya mbao viko mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli.

Sasa karatasi ya kwanza: kodi ya majengo.

Kaunti ya Durham, yaani serikali ya wilaya, hukadiria upya thamani za nyumba zote kila baada ya miaka kadhaa. Ilifanya 2016, 2019 na 2025. Barua ikifika na kusema nyumba yako imepanda thamani, watu huamini mambo mawili, na yote mawili si sahihi: kwamba kodi itapanda kwa kiasi kilekile, au kwamba mji ukishusha kiwango cha kodi basi hakuna kitakachobadilika. Chukua mji wenye nyumba mbili tu. Moja ina thamani ya dola 100,000, nyingine 500,000, na kiwango ni dola 1 kwa kila 100. Ya kwanza inalipa 1,000, ya pili 5,000, na mji unapata 6,000. Tathmini mpya inakuja. Kijumba kiko mahali panapotamaniwa, kimefika 300,000. Jumba kubwa limepanda kidogo, 600,000. Mji unasema kwa uungwana kabisa: hatutaki hata senti ya ziada, tutakusanya 6,000 zilezile. Kiwango kinashuka hadi kama senti 67 kwa kila dola 100. Piga hesabu. Kijumba sasa kinalipa 2,000. Jumba linalipa 4,000.

Soma tena hapo, maana ndipo mtaa unapogeuka. Hakuna aliyeongeza kodi. Kiwango kimeshuka, gazeti limeandika kimeshuka, na bado mwenye kijumba analipa mara mbili huku mwenye jumba akipunguziwa dola elfu moja. Kinachoamua mzigo wako ni kama nyumba yako imepanda kuliko wastani wa mji, na zinazopanda kuliko wastani ni zile zilizodharauliwa jana.

Ipo nafuu, na nasikitika jinsi inavyojulikana kwa wachache. Sheria ya North Carolina inamruhusu mwenye nyumba anayeishi ndani yake, mwenye miaka 65 au zaidi au mwenye ulemavu kamili wa kudumu, ambaye kipato chake hakizidi kikomo kinachotangazwa kila mwaka, kuondolewa nusu ya thamani ya nyumba kwenye kodi. Nyumba ya 300,000 inatozwa kama ya 150,000. Fomu inapaswa kupelekwa kufikia 1 Juni, na usipoomba hupewi. Ipo nafuu nyingine inayozuia kodi isizidi asilimia 4 au 5 ya kipato, lakini hiyo ni deni lililoahirishwa: mwenye nyumba akifariki au akiuza, kodi iliyobaki ya miaka mitatu ya mwisho inadaiwa pamoja na riba. Bibi wa kopo la biskuti alikuwa amestahili ile ya kwanza kwa miaka sita. Hakuna aliyemwambia. Wenye kadi za njano walikuwa wamemwandikia mara kumi na mbili.

Karatasi ya pili ni mkataba wa mpangaji. Hali yake ni ngumu zaidi, na maelezo yake ni mafupi. Tangu 1987 sheria ya jimbo inazuia miji kuweka ukomo wa kodi ya pango. Baraza la mji, hata likitaka, haliwezi. Na mtu anayepanga mwezi kwa mwezi bila mkataba wa mwaka anaweza kupewa notisi ya siku saba. Siku saba! Kuna ndugu zetu waliotoka Kongo, wakimbizi wanaoongea Kiswahili nyumbani na kanisani, ambao mkataba wao wa mwaka uliisha kimya kimya wakaendelea kulipa kila mwezi wakidhani mambo ni yaleyale. Ukisoma hapa na uko katika hali hiyo, itafute karatasi yako leo uangalie tarehe.

Karatasi ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu ni ile isiyokuwepo: wosia. Huku Kusini familia nyingi za Weusi hazikuandika wosia. Waliogopa mawakili na mahakama, na walikuwa na sababu. Babu akifa, nyumba inakuwa ya watoto wote bila kugawanywa. Watoto wakifa, inakuwa ya wajukuu. Baada ya vizazi viwili nyumba ya vyumba vitatu ina wenyewe kumi na wanane, wengine hawajawahi kuiona. Sisi tunaijua nyumba ya urithi, tena tunaiona ni salama, kwani nani atauza nyumba ya ukoo? Hapa kila mrithi anaweza kuuza fungu lake peke yake. Mnunuzi anamtafuta binamu mwenye shida aliye mbali, anampa dola elfu chache kwa fungu lake, na sasa yeye ni mwenzenu katika nyumba. Kisha anakwenda mahakamani kuomba mgawanyo. Nyumba haigawanyiki kwa msumeno, kwa hiyo mahakama inaweza kuamuru iuzwe. Anayeishi ndani, aliyelipa kodi na kuziba paa miaka yote, anapata fungu lake la fedha na anatoka.

Kuna kinachosaidia. Tangu 1987 Durham ina chombo kiitwacho Durham Community Land Trustees. Kinanunua kiwanja na kukishikilia daima. Wewe unanunua nyumba iliyo juu tu, na ardhi unakodishwa kwa muda mrefu. Wamarekani wengi hushangaa, wanaona kama nyumba nusu. Mimi huwaambia nimetoka nchi ambayo ardhi yote ni ya umma na hati ya miaka 99 ni jambo la kujivunia. Ukiuza, bei ina kikomo, hivyo anayefuata naye ana uwezo wa kununua. Nyumba hizo hazipandi na mtaa. Tatizo ni wingi wake, zinahesabika. Mwaka 2019 wapiga kura wa Durham waliidhinisha dola milioni 95 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, nami nilifurahi, ila zege na mbao zimepanda bei tangu wakati huo, na kila mwaka unaopita dola ileile inajenga vyumba vichache.

Nimeulizwa kama nina chuki na wanaohamia. Sina, nami nilihamia. Jirani yangu mpya ni nesi, ana watoto wawili, alitaka nyumba karibu na kazi. Nyumba za Durham zina baraza mbele, kama zetu za Pwani, na nilipofika niliipenda East Durham kwa hilo: jioni watu wako nje, unapita, unasalimia, unaulizwa umefikia wapi na ule mguu. Nyumba mpya zinazojengwa sasa kwenye viwanja hivyohivyo zina gereji mbele. Hilo nalo ningependa ofisi ya mipango miji ilitazame, maana kanuni za ujenzi zinaweza kuligusa.

Fomu ya Bibi tumeipeleka Mei, imegongwa muhuri, nakala anayo kwenye lile kopo. Lakini tulipoomba hati ya nyumba ikaonekana bado iko kwa jina la baba yake, aliyefariki 1984. Warithi walio hai tumewahesabu tisa. Wanne wako hapa mjini, watatu Maryland, mmoja Atlanta, na mmoja hatujampata. Jumamosi tunakaa barazani na wakili wa msaada wa sheria, wa mbali watapigiwa simu, na Bibi amesema atapika maharage na mkate wa mahindi kwa watu kumi na wawili. Huyo wa tisa tunaendelea kumtafuta kabla hajaandikiwa kadi ya njano.