Kwa nini kumbikumbi hudondosha mabawa chini ya taa?

Mvua za kwanza za masika zikishanyesha Dar es Salaam, jua likazama na hewa ikatulia, taa ya barazani haina amani. Iwe Kimara, Goba au Mbagala, ni yale yale: kumbikumbi wanajigonga kwenye balbu na kuanguka, watoto wanatega beseni la maji chini yake, mijusi inashiba. Asubuhi kazi ni kufagia mabawa. Na kila mwaka husikia mtu akiwahurumia: masikini, mdudu anaishi siku moja tu.

Sivyo. Katika kichuguu kizima, kumbikumbi ndiye aliyeumbwa kuishi miaka mingi kuliko wenzake wote.

Kumbikumbi ni mchwa, na mchwa ni ndugu wa mende, si wa siafu kama wengi tunavyodhani. Kichuguu kikishakomaa, jambo linalochukua miaka kadhaa, baadhi ya watoto hawawi vibarua wala askari. Wanaota mabawa manne yenye urefu sawa, ngozi yao inakuwa nyeusi kidogo, na wanapata macho. Hayo macho ndiyo yanayonishangaza zaidi, kwa sababu vibarua na askari wa aina nyingi za mchwa ni vipofu. Wanaishi gizani, macho ya nini? Kumbikumbi amepewa macho kwa ajili ya safari moja.

Safari hiyo haianzi kabla ya mvua. Udongo mkavu hauchimbiki, na hewa kavu ingeukausha mwili wao. Mvua ikilowesha ardhi, vibarua hutoboa matundu kichuguuni, askari hulinda milango, na bwana harusi na bibi harusi hutoka kwa maelfu. Kwa kuwa mvua hiyo imenyesha eneo zima, vichuguu vya jirani navyo hufunguka jioni hiyo hiyo. Ndivyo mwana wa kichuguu hiki anavyompata mchumba wa kichuguu kile, badala ya kuoana na dada yake. Wingi wao nao ni kinga: ndege, popo na vyura hula mpaka washindwe, na bado wanabaki wa kutosha.

Sasa mabawa. Kwenye shina la kila bawa kuna mstari mwembamba dhaifu, mithili ya ule wa kukatia tiketi. Akishatua, kumbikumbi hujitikisa na bawa hukatika hapo hapo, kikabaki kijishina kidogo. Hajaumia wala hafi. Ameyavua mwenyewe, maana shimoni yangemzuia. Jike huinua mkia na kutoa harufu, dume hulifuata kwa karibu mno, vipapasio vyake vikigusa mgongo wa mwenzake. Wale uliowaona wakikimbia wawili wawili kwenye sementi, hao ni mtu na mkewe wanatafuta nyumba.

Wakipata udongo laini huchimba, hujifungia ndani, na ndipo hujamiiana. Dume la nyuki hufa likishajamiiana na malkia. Mfalme wa mchwa hubaki na mkewe maisha yote.

Watoto wa kwanza wanalishwa nini, na hakuna kibarua hata mmoja? Wazazi huwalisha kutoka miilini mwao. Misuli ya kurukia, ambayo haina kazi tena, huyeyuka ikawa chakula, pamoja na akiba ya mafuta. Aliyewahi kukaanga kumbikumbi anayajua mafuta hayo: huna haja ya kuongeza mengine kikaangoni. Ile ladha nono ni posho ya watoto ambao hawajazaliwa.

Vibarua wakishakua, malkia hubaki na kazi ya kutaga. Kwa mchwa wa vichuguu vikubwa, tumbo lake hufura akawa mrefu kama kidole cha mtu, hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na huweza kuishi zaidi ya miaka 10.

Mdudu wa siku moja yupo kweli, ila ni mwingine: efemeroptera. Huyo hukulia majini kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, kisha hutoka na mabawa lakini bila kinywa cha kulia. Huzaana na kufa ndani ya saa au siku chache. Naye huzingira taa za kando ya mito na maziwa, kwa hiyo kuwachanganya si ajabu.

Kinachomuua kumbikumbi wetu mapema ni taa. Inamvuta hadi kwenye vigae na sementi, mahali pasipochimbika, na huko hukauka. Ukizima ya nje kwa muda, wengi watajiendea kwenye udongo.

Ila ukikuta mabawa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa usiku kucha, kagua fremu za milango na nyufa za ukuta. Hao hawakufuata taa. Wametoka humo humo ndani, na fundi wa dawa ya mchwa aitwe mapema.