Mwanga unaosokota molekuli

Babu yangu alisokota kamba za makumbi ufukweni Mikindani. "Mjukuu wangu, ukianza kusokota kuelekea kulia usigeuze," aliniambia. Nyuzi zikishasokotwa zote upande mmoja bila kugeuza, huunganishwa kwa kuzungushwa upande wa pili, ndipo kamba haifumuki. Nilipofika kwenye kemia nikakuta molekuli nazo zina mkono. Kandambili ya kushoto haikai mguu wa kulia hata uigeuze vipi. Molekuli nyingi ni hivyohivyo. Mwanakemia Mfaransa Louis Pasteur aliliona hilo mwaka 1848, akitenganisha fuwele za kushoto na za kulia moja moja kwa mkono.

Kazi yangu ni azobenzini: pete mbili za kaboni zilizoshikwa na atomi mbili za nitrojeni. Gizani imenyooka. Ipige mwanga wa urujuanimno, inapinda. Iangazie mwanga wa buluu, inanyooka tena. Zikiundwa kwa kusudi hilo, zilizonyooka hulaliana kama mikeka, kila mmoja umegeuka kidogo juu ya mwenzake, na rundo zima linakuwa uzi uliosokotwa. Zilizopinda hazilaliani, uzi unafumuka. Kwa hiyo mwanga mmoja unajenga na mwingine unabomoa.

Lakini uzi uende kulia au kushoto? Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walionyesha kwamba molekuli zilezile za aina ya azobenzini, bila kubadilishwa chochote, zinaweza kutoa nyuzi za mkono wowote kati ya miwili. Siri ni mabaki: vipande vichache vya nyuzi za zamani vikibaki kwenye myeyusho, nyuzi mpya huanzia juu yake na kugeuza mkono. Ukali wa mwanga ndio unaoamua vibaki au viishe. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko azobenzini yenyewe.

Nasi hapa Mtwara tuna malighafi. Mafuta ya maganda ya korosho, hayohayo yanayobabua mikono ya mama zetu wanaobangua, yakipashwa moto hutoa kardanoli. Mwaka 2001 watafiti huko Japani waliiunganisha na sukari ya glukosi, ikajipanga yenyewe kuwa nyuzi zilizojiviringa, kisha mirija myembamba mno. Kardanoli ni fenoli, yaani pete ya kaboni yenye oksijeni na hidrojeni pembeni, ila hii ina mkia wa kaboni 15; na fenoli huunganishwa kwa urahisi na kundi la azo, zile nitrojeni mbili za azobenzini. Gunia la kwanza la maganda nimeshalianika uani.