Gesi ya AC ya gari haiishi, inavuja

"AC imeisha gesi." Joto la Januari likipamba moto Dar es Salaam, maneno hayo utayasikia kwa dereva wa teksi anayekuomba ushushe kioo, kwa bosi aliyekwama kwenye foleni ya Mandela, na kwa fundi mwenyewe ambaye hata boneti hajafungua. Jibu nalo ni lile lile: lete tujaze. Pesa inatoka, baridi inarudi, na baada ya miezi kadhaa gari liko pale pale, mwenye gari analalamika kwamba "gesi za siku hizi hazidumu."

Tuanze na maana, maana yenyewe ni fupi. Gesi ya AC ni kemikali inayobeba joto kutoka ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Magari mengi yaliyoko barabarani kwetu yanatumia ile inayoitwa R134a, ambayo katika hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa inaigandamiza ikiwa mvuke, inatoka ya moto na yenye presha kubwa. Inapita kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta, inapoa na kuwa kimiminika. Inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha kwenye tundu dogo la ekspansheni valvu ambako presha inashuka ghafla. Ikifika kwenye evaporeta, nyuma ya dashibodi, inachemka, na ili ichemke inanyonya joto la hewa inayopulizwa na blowa. Hewa iliyonyang'anywa joto ndiyo inayokupiga usoni. Mvuke unarudi kompresa, mzunguko unaanza upya. Maji yanayodondoka chini ya gari ukiegesha si gesi wala si ubovu, ni unyevu wa hewa uliogandia kwenye evaporeta, na kwa hewa ya pwani yetu ni mengi.

Ukiufuata mzunguko huo kwa makini utaona kwamba hakuna mahali gesi inapotumika ikaisha. Haiungui. Haibadiliki kuwa kitu kingine. Inakuwa mvuke, inakuwa kimiminika, inakuwa mvuke tena, humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Nadhani kosa letu limetoka jikoni. Mtungi wa gesi ya kupikia unaisha kweli, kwa sababu gesi yake inawaka, na ukiisha unabeba mtungi kwenda kubadilisha bila kumuuliza mtu swali. Jina ni moja, gesi, basi tukadhani na tabia ni moja. Ya kwenye gari ikipungua, kuna tundu.

Hapa fundi mzoefu atanikatiza, na ana haki. AC ya gari haijafungwa kama friji ya nyumbani. Kwenye friji, mota na kompresa vimo ndani ya kopo moja la chuma lililochomelewa, ndiyo maana friji inaweza kufanya kazi miaka ishirini bila mtu kuigusa gesi yake. Kompresa ya gari inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo shafti yake lazima itokeze nje kupitia sili, pete ya kuzuia gesi isitoke, na mabomba yake mengine ni ya mpira ili yahimili mtikisiko wa injini. Kwenye sili na kwenye mpira gesi hupenya kidogo kidogo. Gari lililokaa miaka mingi bila kuguswa na likapungukiwa kiasi si ajabu. Lakini hata huko kupenya ni kuvuja, kwa mwendo wa konokono tu. Na linalojazwa Desemba likarudi Machi halina cha kujitetea. Hilo linavuja mchana kweupe.

Tabia ya kuongeza-ongeza ina historia yake. Packard ya Marekani ilianza kuuza magari yenye AC mwaka wa 1939, na kwa miongo mingi baadaye gesi ya kwenye magari ilikuwa R12, ambayo kampuni ya DuPont iliiuza kwa jina la Freon. Mifumo ya zamani ilikuwa mikubwa. Ilibeba zaidi ya kilo moja ya gesi, sili zake zilikuwa dhaifu, na gesi yenyewe ilikuwa ya bei rahisi. Kuongeza kidogo kila msimu wa joto lilikuwa jambo la kawaida, na kwa kuwa akiba ndani ilikuwa kubwa, kupungua kidogo hakukuonekana. Mwaka wa 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo zinapanda angani na kula tabaka la ozoni. Mwaka wa 1987 ukaja Mkataba wa Montreal wa kuzipunguza gesi hizo, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 magari mapya yalikuwa yamehamia R134a. Mifumo ikawa midogo pia. Gari dogo la leo linaweza kubeba gramu 400 au 500 tu kwa ujumla wake. Gramu 100 zikitoka kwenye kilo na nusu hutajua. Zikitoka kwenye gramu 400, robo nzima imekwenda. Gari limebadilika, gesi imebadilika, mazoea yamebaki ya wakati wa Packard.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: kupima gesi kwa presha. Fundi anafunga geji, anaangalia mshale, anatamka hukumu. Chukua gari lililozimwa, limelala kivulini, joto la hewa nyuzi 30. Kama ndani kuna R134a, geji zote mbili, ya upande wa presha ya chini na ya upande wa presha ya juu, zitasoma karibu PSI 97. Zitasoma hivyo kama ndani kuna gramu 500. Zitasoma vile vile kama zimebaki 250. Maadamu ndani bado kuna kimiminika kidogo, presha inaamuliwa na joto, haiamuliwi na wingi. Kwa hiyo anayekuambia gesi ipo ya kutosha kwa kusoma geji ya gari lililozimwa amekwambia tu kwamba ndani si patupu.

Injini ikiwaka, geji zinaanza kusema kitu, ila zinasema kwa mafumbo. Upande wa presha ya chini kwa kawaida utakuwa kati ya PSI 25 na 45, wa juu kati ya 150 na 250, na siku ya joto kali unapanda zaidi. Pande zote mbili zikiwa chini, hapo gesi imepungua au njia imeziba. Wa chini ukienda karibu na sifuri au ukaivuka, shuku ekspansheni valvu. Wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa haisukumi. Zote mbili zikiwa juu mno, ama gesi imezidi, ama kondensa haipati hewa: feni imekufa, au wavu umejaa matope na wadudu wa safari ya Dodoma. Fundi ambaye kwa kila hali kati ya hizi dawa yake ni mtungi anaongeza ugonjwa. Gesi ikizidi, kimiminika kinajaa kwenye kondensa, presha inapanda, baridi inapungua, kompresa inalia. Ndipo utaona gari lililoingia gereji likipoza kidogo linatoka halipozi kabisa.

Kipimo cha gesi ni uzito. Fungua boneti utafute kibandiko, mara nyingi kiko kwenye kifuniko chenyewe au kwenye bodi karibu na rejeta. Hata kama gari lako limeletwa kutoka Japani na maandishi yote ni ya Kijapani, aina ya gesi na uzito wake vimeandikwa kwa herufi na tarakimu unazozijua. Ndiyo maana fundi anayejua kazi ana mizani. Mtungi unakaa juu ya mizani, gesi inaingia, anasimama gramu zilipotimia. Kushika bomba kwa kiganja na kusema "hapo pametosha" ni ramli.

Na kabla ya mizani kuna kutafuta tundu. Gesi haionekani wala hainuki, lakini inasafiri na oili ya kompresa, kwa hiyo pale inapotokea mara nyingi huacha utando wa mafuta ulioshika vumbi. Anza kuangalia hapo. Angalia viungio vya mabomba, ambako zile pete za mpira, oring'i, hukauka na kupasuka, hasa kwenye gari ambalo AC yake haiwashwi miezi na miezi. Angalia kondensa, ambayo inapigwa kokoto kwa mbele na kuliwa na chumvi ya hewa kwa yeyote anayeishi karibu na bahari. Angalia vile vinozeli viwili vya kujazia, maana ndani yake kuna valvu ndogo kama ya tairi, ya bei ya chini kabisa katika mfumo mzima, na ikivuja inatosha kukurudisha gereji kila msimu. Evaporeta ndiyo msiba, kwa kuwa kuifikia mara nyingi ni kung'oa dashibodi. Pasipoonekana kitu, fundi anasukuma naitrojeni na kupaka povu la sabuni, au anaweka rangi inayong'aa kwenye mwanga wa zambarau, au anapitisha kifaa cha kunusa gesi.

Wengine wanategemea vakyumu peke yake: wanavuta hewa yote kwa pampu, wanasubiri nusu saa, mshale usiporudi wanasema hakuna tundu. Ni kipimo chenye msaada, ila kumbuka vakyumu inavuta kwa nguvu ya angahewa moja tu, wakati mfumo ukifanya kazi unasukuma kwa zaidi ya mara kumi ya hiyo. Tundu dogo linaweza kunyamaza kwenye vakyumu na kupiga kelele kwenye presha. Kazi kubwa ya vakyumu ni kukausha. Ndani ya bomba lililofunguliwa unyevu umeingia, na presha ikishuka vya kutosha maji huchemka hata kwenye joto la kawaida la chumba, yanakuwa mvuke na kuvutwa nje. Yakiachwa, yanaweza kuganda kwenye ekspansheni valvu, na yakichanganyika na gesi na oili yanazaa asidi inayokula vyuma kutoka ndani. Anayekujazia gesi bila vakyumu baada ya kufungua bomba amekuwekea bili ya mwaka kesho.

Zipo dawa za kuziba tundu zinazouzwa kwenye makopo. Sizipendi. Hazichagui pa kugandia, na mahali pembamba kuliko pote katika mfumo ni pale pale ekspansheni valvu. Zaidi ya hizo, kuna wanaojaza gesi ya kupikia, na inapoza kweli, lakini inawaka, na evaporeta iko ndani ya kebini mlimokaa ninyi na watoto. Mwenye haibridi aongeze sikio moja: kompresa yake ni ya umeme wa volti nyingi, inahitaji oili ya aina yake isiyopitisha umeme. Oili ya magari ya kawaida ikiingia humo inaharibu insulesheni ya mota. Muulize fundi kabla hajafunga bomba zake kwenye gari lako.

Hasara ya kujaza bila kuziba haiko kwenye pochi tu. Oili inayotoka na gesi ndiyo inayolainisha kompresa, na kompresa iliyokauka inakwaruzika, chembe za chuma zinasambaa hadi kondensa, na unaishia kununua vitu vitatu badala ya oring'i moja. Swichi ya presha huikata kompresa gesi ikishuka sana, kwa sababu hiyo hiyo, na wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya ili "iwake". Halafu kuna anga. R134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake inashika joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Hilo ndilo lililozikutanisha nchi za dunia hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Magari mapya ya Ulaya tayari yanatumia R1234yf, na nayo haichanganywi na R134a, ndiyo maana hata vinozeli vyake vimetengenezwa tofauti.

Tena si kila AC isiyopoza inavuja. Filta ya kebini iliyoziba, fyuzi, rilei, klachi ya kompresa, kilango cha ndani ya dashibodi kilichokwama upande wa joto, vyote vinaleta dalili ile ile kwa anayekaa kwenye kiti. Gesi inabeba lawama za wengi.

Basi ukifika gereji, usimwambie fundi gesi imeisha, kwa sababu ukishasema hivyo umemwandikia dawa na yeye atakuuzia tu. Mwambie, "Fundi, AC haipozi, naomba uiangalie. Kama gesi imepungua, nionyeshe inapotokea kwanza, tuzibe, ndipo ujaze kwa mizani."